Anza na lori: kanuni ya skeli kwa mji wa matofali ya kuchezea

Anayetaka kuujenga mji wa Lubumbashi kwa vitofali vya plastiki vya kuchezea huanza, mara nyingi, na kile anachokipenda: bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, jengo la Posta, kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, au uwanja wa klabu ya mpira ya TP Mazembe kule Kamalondo. Magari huja baadaye, tena huja ovyo: teksi kutoka boksi hili, basi kutoka boksi lile, lori la kuungaunga kwa vitofali vilivyobaki. Mwishoni unapatikana mji ambamo teksi ina upana sawa na lori la shaba, na pikipiki ya abiria inakaribia kulizidi gari lililo ubavuni mwake. Makala haya yanadai kwamba utaratibu huo uko kichwa chini, miguu juu. Katika mji wa kuchezea, na zaidi katika mji wa kuchezea wa Lubumbashi, jambo la kwanza kuamuliwa ni upana wa lori. Teksi na pikipiki zifuate hapo. Na ulinganifu kati ya gari na gari ulindwe hata pale ambapo ulinganifu kati ya gari na nyumba, au kati ya gari na kisanamu cha mtu, hautawezekana.

Tuanze na chanzo cha vurugu yenyewe, kwa sababu haikuletwa na uzembe wa watoto. Imetoka viwandani. Magari madogo ya Matchbox, yaliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1953, yalitengenezwa yaenee katika kiboksi kilichofanana na cha kiberiti. Basi la ghorofa na gari la watu wanne vilipaswa kuingia katika kiboksi cha ukubwa uleule, kwa hiyo basi lilipunguzwa sana na gari likapunguzwa kidogo. Hot Wheels ya Marekani, iliyofuata mwaka 1968, huhesabiwa kuwa ya skeli ya 1:64, lakini lori lake na gari lake la mbio hutoka karibu na urefu mmoja. Duka lilitaka bidhaa zenye bei moja na rafu zenye nafasi moja, na skeli ikalipia gharama hiyo. Hali ilikuwa tofauti pale magari yalipotengenezwa ili yaishi pamoja na kitu kingine. Dinky Toys, zilizopata jina hilo mwaka 1934, zilianza kama nyongeza ya treni za kuchezea za Hornby, na ndiyo maana magari mengi ya familia hiyo yalikaa karibu na 1:43, skeli ya treni hizo. Hata Lego, ilipouza mpango wake wa mji mwaka 1955, iliweka barabarani magari madogo ya 1:87, skeli ya treni za H0 zilizokuwa zimeenea Ulaya. Fundisho liko wazi: gari linalouzwa peke yake hupewa ukubwa na boksi, na gari linalotakiwa kukaa na wenzake hupewa ukubwa na wenzake. Mji ni mahali pa kukaa na wenzake.

Lego yenyewe iliuacha msimamo huo baadaye. Mwaka 1978 kilizaliwa kile kisanamu cha mtu chenye kichwa cha njano, na magari ya mji yakaanza kutengenezwa kwa upana wa vinundu vinne, vile vinundu vya duara vilivyo juu ya kila tofali. Miaka ilivyosonga, magari ya mji yakanenepa hadi vinundu sita. Magari ya mbio ya Speed Champions yalianza mwaka 2015 na vinundu sita, yakapandishwa hadi vinane mwaka 2020 ili visanamu viwili viweze kukaa ubavu kwa ubavu. Kila hatua ilikuwa na sababu yake ya haki. Lakini mtu anayenunua mitumba, au anayepewa vitofali na ndugu walio Ulaya, hupokea vizazi vyote vitatu katika mfuko mmoja, na akivipanga barabarani bila kuvichambua atakuwa na teksi tatu za mfano mmoja, moja ikiwa na upana mara mbili ya nyingine. Vitofali vyenyewe havimsaidii kuliona kosa, kwa kuwa tofali lililobuniwa mwaka 1958 linashikana bila taabu na tofali la leo. Kushikana kwa vipande si kulingana kwa vitu.

Sasa tuje Lubumbashi, kwa kuwa uzito wa kosa hili hutegemea mji unaojengwa. Katika kijiji cha kuchezea cha Denmark, lori likiwa jembamba kuliko stahili yake, kinachopotea ni kidogo, kwani lori pale ni mpita njia. Huku ndilo uti wa mgongo wa habari nzima. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, reli kutoka kusini ilipofika, na mwaka uliofuata tanuru za kampuni ya Union Minière zikatoa shaba ya kwanza. Kwa miongo mingi shaba iliondoka kwa mabehewa. Reli ilipodhoofika, mzigo ulihamia barabarani, na Kongo ilipopanda hadi nafasi ya pili duniani kwa uzalishaji wa shaba, nyuma ya Chile, sehemu kubwa ya utajiri huo ilitoka nchini ikiwa juu ya matairi, kupitia mpaka wa Kasumbalesa, kuelekea Durban, Dar es Salaam na bandari nyingine. Foleni za malori kwenye Barabara ya Taifa namba 1, vumbi la Ruashi, njia zilizoharibika, bei za nauli, ajali za waendesha pikipiki: yote hayo ni matokeo ya vyombo vizito na vyombo vyepesi kugawana lami moja. Ukimpa manseba, kama waendesha pikipiki za abiria wanavyoitwa mjini hapa, chombo kinachokaribiana na lori kwa upana, umefuta jambo ambalo kila mkazi wa Kampemba analijua anapovuka barabara. Mji wako utakuwa na majengo ya Lubumbashi bila maisha ya Lubumbashi.

Basi tupime. Magari mengi ya abiria mjini ni Toyota zilizotumika Japani kabla ya kuja huku, na hapo hesabu inatusaidia bila kutarajiwa. Sheria ya Japani huweka daraja la magari madogo lenye mipaka mitatu ya vipimo: urefu usizidi mita 4.70, upana usizidi mita 1.70, na kimo kisizidi mita 2.00. Watengenezaji huubana mpaka huo hadi mwisho. HiAce ya kawaida, basi dogo linalofanya kazi ya taksibasi, ina urefu wa mita 4.695, upana wa mita 1.695 na kimo cha mita 1.98. Toyota Ist, gari dogo kabisa kwa macho, ina urefu wa mita 3.855 tu, lakini upana wake nao ni mita 1.695. Yaani sheria ya nchi iliyo mbali imezipa barabara za huku Katanga kipimo kimoja cha upana ambacho teksi na basi dogo hukishiriki kwa milimita. Vinatofautiana kwa urefu na kimo. Kwa upana ni pacha. Lori la masafa marefu, liwe la Kichina au la Kizungu, lina upana wa takriban mita 2.5, na hilo nalo halibadiliki sana kwa sababu sheria za barabara za kanda nzima zinalibana. Pikipiki, ukipima usukani kutoka ncha hadi ncha, ni takriban mita 0.8, na urefu wake ni karibu mita 2.

Ziweke namba hizo tatu kwa mpangilio: 0.8, 1.7, 2.5. Ni karibu kabisa na moja, mbili, tatu. Pikipiki ni sehemu moja, teksi ni sehemu mbili, lori ni sehemu tatu. Kinundu kimoja cha tofali huchukua milimita 8, kwa hiyo pikipiki ya vinundu viwili, teksi ya vinne na lori la sita hutoa upana wa milimita 16, 32 na 48. Gawanya upana halisi kwa upana wa kuchezea: pikipiki inatoka 1:50, teksi 1:53, lori 1:52. Vyombo vitatu vilivyo tofauti kiasi hicho vinakubaliana kwenye skeli moja kwa tofauti ambayo jicho haliwezi kuinasa, bila kukata tofali hata moja na bila kutafuta vipande adimu. Hii ndiyo kanuni ninayoitetea: mbili, nne, sita. Inaanza na lori kwa sababu lori ndilo lenye upana usio na ujanja. Ukiamua teksi kwanza, utavutwa kuipa vinundu sita ili ipendeze, mlango wake ufunguke, usukani wake uonekane. Na ikishakuwa na sita, lori litadai tisa, pikipiki itadai tatu, na utakuta umeshamaliza vitofali na nafasi. Ukianza na lori la sita, teksi haina budi kuwa ya nne, na ubishi umekwisha.

Urefu na kimo hufuata kwa hesabu ileile. Katika skeli ya 1:53, kinundu kimoja ni sawa na sentimita 42 na nusu za barabarani. Ist inatoka vinundu tisa, HiAce kumi na moja, pikipiki vitano. Tofali la kawaida lina kimo cha milimita 9.6, sawa na nusu mita, kwa hiyo HiAce inasimama kwa matofali manne. Halafu linakuja lori na trela lake. Ukichukua urefu wa mita 18 unapata vinundu 42. Na kusini mwa Afrika, ambako msafara wenye matrela huruhusiwa kufika mita 22, unapata 52. Ubao wa kawaida wa kujengea mji una vinundu 32 kila upande, yaani sentimita 25.6. Lori la shaba, likiundwa kwa haki, halienei kwenye ubao mmoja. Likisimama njia panda, kichwa chake kiko kwenye ubao mmoja na mkia kwenye mwingine, na njia panda imezibwa. Mtu anaweza kuliona hilo kuwa kasoro ya kanuni. Mimi naliona kuwa ushahidi wake. Kanuni iliyotoka kwenye upana peke yake imetuletea, bila kuulizwa, tatizo halisi la mji: njia panda zilizochorwa kwa magari ya zamani zikipitiwa na misafara ya leo. Skeli iliyochaguliwa vizuri husema mambo ambayo mjenzi hakupanga kuyasema.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, linatoka kwa kile kisanamu. Kina kimo cha takriban sentimita 4. Katika skeli ya 1:53 huyo ni mtu wa mita 2.12, jitu lisiloweza kuingia kwenye teksi ya vinundu vinne pamoja na jirani yake. Wapenzi wengi wa vitofali huona hapo kesi imekwisha: mji ni wa watu, basi gari lipimwe kwa mtu. Hoja ni nzuri, ila shahidi wake hana kipimo kimoja. Kwa kimo, kisanamu hicho kinalingana na mtu wa kawaida aliyepunguzwa karibu 1:44. Kwa upana, kuanzia mkono hadi mkono, kina milimita 24 hivi, ambazo kwa mtu wa kawaida zingekuwa karibu na 1:20. Ni mfupi mnene, mwenye kichwa kikubwa kwa sababu uso wake lazima uonekane. Ukijenga gari la kumtosha kwa upana, litakuwa kubwa mno kwa kimo chake. Ukijenga la kumfaa kwa kimo, mabega hayaingii. Kitu kisichokubaliana na chenyewe hakiwezi kuwa rula ya vitu vingine. Kiachwe kifanye kazi yake kando ya barabara, sokoni na mlangoni, kama alama ya mtu, na magari yabaki yakipimana yenyewe kwa yenyewe. Dereva anaweza kuwepo ndani ya lori, ambalo kwa upana wa sita lina nafasi ya kisanamu kimoja katikati; ndani ya teksi, vioo vyeusi vinatosha.

Asiyeweza kuvumilia jitu kando ya teksi ana njia ya pili, nayo haivunji kanuni: aikuze yote kwa pamoja. Tatu, sita, tisa hutoa skeli ya takriban 1:35, ambamo kisanamu kinakuwa na kimo cha mita 1.4 hivi na kinaingia garini bila kusukumwa. Nne, nane, kumi na mbili hutoa 1:27, na hapo wawili wanakaa ubavu kwa ubavu. Ila kila njia ina bei yake. Vipande vyenye upana wa vinundu vitatu au tisa si vingi, na lori la tisa humlazimisha mjenzi kuunganisha vipande katika sehemu ambazo zingepaswa kuwa nzima. Kisha kuna idadi. Ukiongeza upana mara moja na nusu, unaongeza na urefu na kimo vivyo hivyo. Ngozi ya gari inataka vitofali mara mbili na robo, na mzigo uliojaa ndani yake unataka zaidi ya mara tatu. Katika mji ambamo vitofali hivi haviuzwi kila duka, na vinapouzwa ni ghali, tofauti hiyo ndiyo mpaka kati ya lori moja la kujivunia na foleni nzima ya malori. Na foleni ndiyo Kasumbalesa. Mji wa magari mengi madogo unaofuata uwiano una mengi ya kusema kuliko mji wa magari matatu makubwa yenye milango inayofunguka.

Pingamizi la pili linasema: kwa nini tushikilie haki kwa magari wakati majengo na umbali hatuwezi kuvitendea haki? Na ni kweli hatuwezi. Bomba la moshi la Gécamines lina kimo cha takriban mita 150. Katika 1:53 lingekaribia mita tatu, likatoboa dari. Mlima wa taka za shaba ulio jirani yake ungejaza sebule. Barabara ya kwenda Kasumbalesa, yenye urefu wa karibu kilomita 90, ingekuwa ya zaidi ya kilomita moja na nusu. Kila mji wa kuchezea hubana umbali na kufupisha minara, na hakuna anayelalamika. Lakini sababu ya kutolalamika ndiyo inayonipa haki. Jicho haliupimi mnara kwa mita. Linaridhika ukiwa mrefu kuliko vyote vilivyo mezani. Nyumba nazo hutofautiana hata katika mji halisi, kwa hiyo nyumba ndogo kidogo haizui swali. Gari ni jambo jingine. Gari linafahamika kwa umbo, limetengenezwa kiwandani kwa ukubwa mmoja, na linasimama sentimita mbili kutoka kwa gari jingine lililo kwenye lami ileile. Hapo ulinganisho haukwepeki. Jicho husamehe kilicho mbali na kisicho na mwenzake. Halisamehe viwili vya aina moja vikiwa pamoja. Kwa hiyo mjenzi mwenye nguvu ndogo ya kufuata skeli aitumie barabarani, ambako itaonekana, na majengo ayafupishe kwa amani.

Reli inastahili aya yake, kwa sababu hapo Lubumbashi inatofautiana na miji mingi inayojengwa kwa vitofali hivi. Njia ya reli ya Lego ina nafasi ya takriban milimita 37.5 kati ya reli na reli. Kwa Ulaya, ambako nafasi ya kawaida ni milimita 1,435, hiyo ni skeli ya 1:38. Reli ya Katanga ilitoka Rasi ya Tumaini Jema na imebaki na kipimo chake cha milimita 1,067. Kwa njia ileile ya kuchezea, tunapata 1:28. Ndani ya mji wetu wa 1:53, njia hiyo ingekuwa na upana wa karibu mita mbili, karibu mara mbili ya ile ya SNCC, shirika la reli la Kongo. Ulinganifu kamili hapa hauwezekani kwa kipande cha dukani. Nchini Afrika Kusini, yenye reli ya kipimo hichohicho, baadhi ya waunda treni ndogo walilitatua swali hili kwa kuligeuza: badala ya kuchagua skeli kisha kutafuta njia, walichukua njia ya milimita 16.5 inayopatikana kila mahali, wakauliza ni skeli ipi inaifanya iwe milimita 1,067. Jibu ni 1:64, kwa kosa la sentimita moja tu. Walianza na kile wasichoweza kukibadilisha, vingine wakavipima kwa hicho. Ni fikra ileile ninayoipendekeza kwa lori. Kwa mjenzi wa vitofali, ushauri ni huu: behewa lipimwe kwa lori, vinundu sita au saba, na njia iliyo pana kupita kiasi ifichwe hadi kwenye reli kwa vigae vya rangi ya udongo.

Pingamizi la tatu ni la wasanii, nalo linataka jibu la heshima. Mjenzi wa miji midogo anayejulikana kuliko wote katika nchi hii, Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa, aliyefariki mwaka 2015, aliunda kwa karatasi, kadibodi na plastiki miji ya ndoto isiyomwomba ruhusa mtu wa rula. Ville Fantôme yake ya mwaka 1996 ilikuwa miongoni mwa kazi zilizoonyeshwa katika jumba la MoMA, New York, mwaka 2018, na wageni hawakwenda kuangalia kama ngazi zake zinalingana na milango. Basi skeli ni ya nini? Jibu ni kwamba Kingelez alijenga mji ambao haujakuwepo, na uhuru wake ulikuwa mzima: kila jengo lilijitegemea, na hakuna lililodai kuwa nakala ya jirani yake. Anayeunda taksibasi inayotambulika kuwa HiAce na lori linalotambulika kuwa la shaba amekwisha kuahidi kitu kingine. Ameahidi kufanana, na ahadi ya kufanana haiwezi kutimizwa nusu. Lubumbashi yenyewe imetoa mfano wa pili. Mwaka 2019 wasanii wa mradi wa On-Trade-Off, unaoshirikisha kituo cha Picha cha mjini hapa, akiwamo Jean Katambayi Mukendi, walisuka kwa waya wa shaba gari la Tesla kwa ukubwa wake halisi, kwa ufundi unaofanana na ule wa magari ya waya ya watoto. Gari la umeme linalotegemea madini ya Kongo lilirudi Kongo kama kichezeo. Kama wangelitengeneza kwa ukubwa wa kushikwa mkononi, lingekuwa zuri tu. Kwa ukubwa halisi, lilikuwa hoja. Wasanii hao walijua kwamba skeli ni sehemu ya maneno yanayosemwa.

Pingamizi la mwisho husemwa kwa upole: hawa ni watoto, waache wacheze. Naam, waachwe. Lakini tusidhani kwamba watoto hawajali uwiano. Gari la waya, linalotengenezwa kuanzia Malawi, ambako huitwa galimoto, hadi Zambia na Katanga, lina hesabu yake: fito ndefu yenye usukani hupimwa kwa kimo cha mwendeshaji anayekimbia nyuma yake, magurudumu hupimwa kwa mashimo ya uchochoro, na lori la matairi kumi hupewa matairi yake kumi. Mtengenezaji wake hufuata kipimo kinachotokana na matumizi. Kanuni ya moja, mbili, tatu inamfaa hata huyo, kwa kuwa haihitaji vinundu wala rula. Upana wa kidole kimoja, wanda mmoja kama wazee walivyopima, uwe pikipiki. Mbili ziwe teksi au taksibasi. Tatu ziwe lori. Kwa kadibodi, kwa waya, kwa udongo au kwa mbao, uwiano ni uleule. Na mgodi ukitakiwa, magari ya kubebea mawe yaliyoko ndani ya mashimo, ambayo upana wake unaweza kupita mita sita, yapewe nyanda saba na yasiruhusiwe kukanyaga barabara ya mji, kama ilivyo katika hali halisi.

Faida kubwa ya kukubaliana huonekana pale wajenzi wanapokuwa zaidi ya mmoja. Reli ya milimita 1,067 iliwezesha behewa lililopakiwa Katanga kufika pwani ya kusini, na baadaye Lobito, bila kushusha mzigo. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa miaka ya 1970, ilifuata kipimo hichohicho. Lakini pale Kidatu, Tanzania, TAZARA inapokutana na reli ya kati yenye milimita 1,000, behewa haliendelei. Mzigo hushushwa na kupakiwa upya kwa sababu ya tofauti ya sentimita 6.7. Mji wa kuchezea nao una Kidatu yake. Kundi la mtaa wa Katuba likijenga kwa vinundu vinne na kundi la mtaa wa Kenya likijenga kwa sita, kazi zao mbili haziwezi kuwekwa kwenye meza moja shuleni au kwenye maonyesho bila moja kuifanya nyingine ionekane ya kitoto. Wakiwa wamekubaliana juu ya lori peke yake, kila kundi linaweza kujenga mtaa wake kwa mtindo wake, nyumba zake kwa rangi zake, na barabara zikaungana.

Kwa hiyo mwenye mfuko wa vitofali vya mitumba afanye kazi moja kabla ya kujenga ukuta wowote. Achambue magari kwa upana. Yale ya vinundu vinne yawe teksi na taksibasi. Yale ya sita, hata kama boksi liliyaita magari ya familia, yavunjwe na kuundwa upya kuwa malori, au yatumike kama magari ya zimamoto na mabasi makubwa, ambayo upana wake halisi unakaribiana na wa lori. Yale ya nane yawekwe rafuni kama vielelezo, yasiingie mjini. Kama mjenzi anapenda tatu, sita, tisa, achambue kwa hesabu hiyo. Uhuru wa kuchagua skeli ni wake, na hakuna namba takatifu kati ya 1:53 na 1:35. Kisicho chake ni kuchagua skeli mbili kwa barabara moja, maana hapo hata mtazamaji ambaye hajawahi kusikia neno skeli ataona kwamba kuna gari moja linalodanganya, na atakuwa na haki ya kuuliza ni lipi.